Meno Mawili ya Chini

Eldoret, Jumapili, 9 Februari 2025

Kogo mpendwa,

Chamgei. Natumaini barua hii imekukuta jikoni upande wa dirisha, miwani puani, na si shambani ukibishana na ng'ombe. Mimi ni mzima. Jua limekausha mabomba ya hosteli na tunachota maji kwa zamu, lakini hakuna aliyekufa. Baba alipita Jumanne akaniletea mursik yako. Wenzangu waliimaliza kabla sijaonja, hata wale waliokuwa wakiuliza kwa nini maziwa yana rangi ya jivu.

Asante kwa kukubali tuandikiane. Kwenye simu hunisikii, na nikija huko nikakuongelesha kwa sauti unayoisikia, Chepsaita nzima inajua mambo yetu. Gerishon amesema nitume barua dukani kwake na atakuletea mwenyewe.

Mwezi huu tumeanza kliniki. Watu wa nyumbani bado wanadhani nasomea kung'oa meno. Kogo, wewe waambie: sisi kazi yetu ni kuhakikisha hayang'olewi. Tunakwangua ukoga uliogandamana chini ya fizi, tunasugua, tunamfundisha mtu kujitunza. Unafanya kazi mahali padogo kuliko kiganja, ukitazama kwa kioo kidogo ambacho kinakuonyesha kila kitu kinyume, na mkono hauruhusiwi kutetemeka.

Na nilikosea vibaya. Mgonjwa wangu wa pili alikuwa mama mzee kutoka Kesses. Nikakuta meno yake mawili ya mbele, ya chini, hayapo. Nikaandika kwenye fomu: yamepotea kwa ugonjwa wa fizi. Halafu nikaanza kumhubiria namna ya kupiga mswaki asije akapoteza mengine. Akautoa mkono wangu kinywani mwake polepole, akaniuliza, "Wewe ni mtoto wa nani? Uko sure wewe ni wa huku?"

Madam Musimbi, mwalimu wetu, alicheka mpaka akavua miwani. "Chepkirui," akasema mbele ya watu wote, "hiyo ni kitu yenu, na ni mimi mtu wa Vihiga nakufunza?" Ndiyo nikaambiwa kwamba zamani meno hayo yalitolewa makusudi, kwa mila, wasichana kwa wavulana.

Kogo, nimekaa kwako likizo zote tangu nianze shule. Meno yako yote nimeyaona yapo. Lakini pia sijawahi kukuona ukicheka bila leso mdomoni. Wewe hukutolewa?

Akupendaye na kukukumbuka kila nikishika mswaki,
Chepkirui

*

Chepsaita, Jumapili, 2 Machi 2025

Kwa mjukuu wangu Chepkirui,

Barua yako imefika ikinuka unga na sabuni, kama kila kitu kitokacho kwa Gerishon. Sisi sote hatujambo. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike, mrefu wa miguu, anayekimbia kabla ya kujua anakokwenda. Nimempa jina lako. Mvua bado, lakini tumekwisha kulima, tunangoja tu.

Ile sentensi yako, kwamba kazi yenu ni kuhakikisha meno hayang'olewi, nimeisoma mara tatu. Kisha nikamsomea Gerishon. Amesema sasa anaelewa, na kwamba ana jino moja la nyuma ambalo angependa mlizungumzie. Katika miaka thelathini na minne ya kufundisha nimeona watoto wengi wakichagua kazi kwa sababu ina jina kubwa. Wewe umechagua kazi ambayo lazima uieleze kila siku, na unaieleza bila kuona haya. Hilo limenifurahisha kuliko cheti chenyewe.

Yule mama wa Kesses ukimwona tena, mwombe radhi. Meno yale hayakupotea. Mtoto wa miaka kumi au kumi na mmoja alikaa chini, yakang'olewa, na hakutakiwa kulia. Wazee walisema ukishikwa na pepopunda, taya zikifunga, patakuwa na mlango wa kupitishia maziwa. Labda. Mimi nadhani walitaka pia kukujua ukiwa mbali, ukifungua mdomo tu. Hakuna aliyemhurumia mtu mwenye pengo. Aliyehurumiwa ni aliyelia.

Kuhusu lile jingine uliloniuliza, karatasi imekwisha.

Mwalimu wako wa kwanza,
Kogo Sarah

*

Eldoret, Jumapili, 27 Aprili 2025

Kogo mpendwa,

Tulifika salama baada ya Pasaka, na viazi ulivyotupa vimetulisha wiki nzima. Ndama mwenye jina langu ni mzuri kuliko mimi, nakubali. Baba anasema mahindi yake yamechipuka vizuri isipokuwa upande wa mto.

Kwanza, karatasi yako haikuwa imekwisha. Ilikuwa na nafasi ya nusu ukurasa.

Pili, sikukuambia kitu nilipokuwa huko kwa sababu ningelazimika kupiga kelele mbele ya wageni wote. Uliiacha nyama, wewe unayeipenda. Ulikunywa maziwa na kumega ugali laini, na ulitafuna upande mmoja tu. Na asubuhi ya Jumatatu, pale kwenye beseni nje, nilikuta umetema damu. Uliimwagia maji haraka, lakini nilikuwa nimesimama mlangoni.

Fizi zinazotoka damu hazisubiri, Kogo. Hiyo ndiyo kitu ninayojua sasa kuliko vyote. Niambie kuna nini. Kama ni vigumu kusema, andika tu mahali panapouma.

Mimi wako, mwenye wasiwasi,
Chepkirui

*

Chepsaita, Jumapili, 8 Juni 2025

Chepkirui,

Tu wazima. Mvua imekuja ya kutosha.

Unaandika "hiyo ndiyo kitu", na wewe ni mjukuu wa mwalimu wa Kiswahili.

Nilikualika Pasaka ule na ucheke na watu. Sikukualika unichunguze kama ng'ombe wa mnada. Mtu mzima akimwaga maji juu ya jambo, mtoto aliyelelewa vizuri huangalia pembeni.

Nakutakia masomo mema.

Kogo

*

Eldoret, Jumapili, 20 Julai 2025

Kogo mpendwa,

Salamu nyingi. Nilikaa na barua yako wiki tano kwa sababu sikujua nianzie wapi. Nisamehe. Nilikutazama kwa macho ya kliniki badala ya macho ya mjukuu, na sikupaswa. Sitauliza tena.

Huku baridi ni kali. Nimepita mtihani wa maandishi, wa tatu darasani. Sasa umebaki mmoja tu, wa kliniki, tarehe 17 Septemba, na huo ndio mkubwa. Kila mwanafunzi analeta mgonjwa wake mwenyewe. Awe na zaidi ya miaka sitini, awe hajawahi kusafishwa meno, na awe na ukoga mwingi. Unapewa saa tatu kumsafisha mbele ya watahini wawili. Ukikosa mgonjwa siku hiyo unarudia mwaka mzima, hata kama ulikuwa wa kwanza katika kila kitu. Ndiyo maana utatuona tukitazama midomo ya wazee makanisani.

Mimi nimempata Lazarus, mlinzi wa hosteli yetu. Ana miaka sitini na nne. Mara ya kwanza alikuja kliniki akakaa kwenye kiti ameelekeza uso ukutani. Mara ya pili alifungua mdomo kidogo akaufunga. Ningemwita mkaidi, lakini Madam Musimbi alinivuta pembeni. Alisema mtu akiketi kwenye kile kiti amekwisha kujiaibisha mwenyewe vya kutosha, kwa hivyo hatumuulizi kamwe kwa nini ameacha mpaka ikawa hivi. Tunamwambia, "Tuanze hapa." Basi.

Ungemwona Madam akifanya kazi, Kogo. Ana mikono mikubwa, ya mtu aliyechimba viazi vitamu utotoni, lakini ikiingia kinywani mwa mtu, mtu analala. Kweli, nimeona mgonjwa akikoroma. Nikiwa na miaka hamsini nataka kuwa hivyo.

Lazarus sasa anafungua mdomo wote. Nilipomwambia "Tuanze hapa," alinijibu, "Sawa, daktari." Mimi si daktari, lakini sikumkosoa.

Mjukuu wako asiyeuliza,
Chepkirui

*

Chepsaita, Jumapili, 24 Agosti 2025

Chepkirui wangu,

Natumaini baridi imepungua na unavaa ile sweta. Mahindi mabichi yako tayari na nimemtuma Gerishon akuletee gunia nusu. Watu wote wanakula ya kuchoma isipokuwa mimi, na leo nitakuambia kwa nini.

Nilitolewa meno mwaka wa hamsini na tisa. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na sikulia. Mama alinipa maziwa, na baba, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alinionyesha mtamba mweupe akasema ni wangu. Kwa miaka minane nilicheka nikiwa nimeinua kidevu ili watu waone.

Halafu nikaenda chuo cha ualimu. Siku ya somo la majaribio nilisimama mbele ya watoto hamsini nikawasomesha vizuri sana, najua nilisomesha vizuri. Mkaguzi alikuwa ameketi nyuma. Alisimama akasema kwa sauti, "Mwalimu mwenye pengo atawafundisha watoto kutamka nini?" Watoto wakacheka. Siwalaumu, walikuwa watoto. Mwezi wangu wa kwanza wa kazi nilikwenda kwa daktari mmoja Mhindi hapo Eldoret, akanitengenezea meno mawili ya bandia, yameshikwa na kipande cha plastiki chenye rangi ya fizi. Yale ya kwanza yalivunjika, nikatengeneza mengine mwaka wa tisini na moja. Ndiyo haya. Nayatoa nikiwa peke yangu, mlango umefungwa, nayasuuza, nayarudisha. Hakuna aliyewahi kuniona bila hayo, na leso ni ya siku yakilegea.

Babu yako alikuwa na pengo lake na hakulificha hata siku moja. Alijua nilitolewa, sote wa rika letu tulitolewa. Mara moja tu, tukiwa tunapukuchua mahindi, aliniambia, "Sarah, mimi nilichumbia msichana mwenye pengo. Alienda wapi?" Nikajifanya sijasikia, na wakati huo masikio yangu yalikuwa mazima. Hakuuliza tena mpaka alipokufa. Hilo linaniuma kuliko fizi.

Fizi nazo zinauma. Chini ya ile plastiki kumevimba tangu Krismasi. Nilikukasirikia Juni kwa sababu uliona kweli. Lakini nimesoma habari za Lazarus na uso wake ukutani, na namna ulivyomngoja, na nimesema moyoni kwamba kama mtoto huyu anaweza kumngoja mlinzi wa hosteli, mimi nyanya yake naogopa nini? Nilikufundisha kushika kalamu. Sikujua siku moja utanizidi kwa upole.

Mwambie Lazarus ajitunze mpaka tarehe kumi na saba. Anaendeleaje?

Kogo wako, leo bila kuficha,
Sarah

*

Eldoret, Jumapili, 31 Agosti 2025

Kogo wangu,

Mahindi yamefika na hosteli nzima inakuombea maisha marefu. Sweta ninaivaa.

Nimesoma barua yako nimefunga mlango, na nimelia. Halafu nikacheka kwa ajili ya mtamba mweupe. Ningependa sana kumjua yule msichana aliyeinua kidevu.

Ile plastiki haijatoshea kinywa chako kwa miaka mingi. Fizi hubadilika, yenyewe haibadiliki. Hapo nyuma ya meno ya chini ndipo ukoga hupenda kukaa, na chini ya plastiki hakuna anayeuona. Inatibika. Njoo siku yoyote ya mwezi wa Oktoba. Madam Musimbi atatupa kile chumba kidogo cha mwisho, tutafunga mlango, tutakuwa wawili tu. Hakuna atakayekuona. Kwa sasa suuza kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, asubuhi na jioni, na ukiwa peke yako usiyarudishe meno upesi.

Tuanze hapo, Kogo. Si lazima harakaharaka.

Akupendaye kupita kiasi,
Chepkirui

*

Chepsaita, Jumapili, 7 Septemba 2025

Chepkirui,

Sote wazima, chumvi inasaidia.

Nilikuuliza kuhusu Lazarus na hukunijibu. Hukumtaja hata kwa salamu. Nimesomesha watoto miaka thelathini na minne, na mtoto anayeruka swali moja katikati ya karatasi, najua kwa nini ameliruka.

Mimi nina miaka sabini na saba. Sijawahi kusafishwa meno. Ukoga, kwa maelezo yako mwenyewe, ninao mwingi. Nitafika tarehe kumi na saba na Gerishon ataniongoza. Chumba cha mwisho mpe mtu mwingine.

Usijibu barua hii. Ukijibu nitasema haikufika.

Kogo Sarah

*

Eldoret, Jumapili, 21 Septemba 2025

Kogo wangu mpendwa,

Salamu kwanza. Natumaini ulifika salama, na ndama wangu, na Gerishon, ambaye nasikia amejiandikisha kliniki ya mwezi ujao kwa ajili ya lile jino.

Ni kweli, Lazarus alikataliwa. Presha yake ilipanda na daktari akasema hawezi kukaa saa tatu kwenye kiti. Hilo lilitokea siku mbili kabla ya barua yako ndefu. Sikuwa na mgonjwa mwingine na nilikuwa nimekwisha kujiandaa kurudia mwaka. Sikukuomba kwa sababu niliogopa utadhani kumbe tangu Pasaka nilikuwa natafuta mdomo wa mtihani. Kogo, ningerudia miaka miwili kabla sijakuacha ufikirie hivyo.

Lakini kiini cha barua hii ni kingine. Ulikaa pale saa tatu na hukusikia hata neno moja, na mimi nataka ujue yaliyosemwa.

Ulipoingia na suti yako ya kanisani, rafiki yangu Virginia, yule wa kiti jirani, alininong'oneza, "Shosho yako amevaa kuliko watahini." Ni kweli.

Ulipoonyeshwa kwa ishara utoe meno ya bandia, ulitazama ukutani. Madam Musimbi akaanza kuvuta pazia, nadhani ulimwona, kwa sababu ulimzuia kwa mkono. Halafu ukageuka, ukayatoa, ukayaweka kwenye sahani mbele ya watu wote. Sijui kama unajua ulisema kwa sauti kubwa kiasi gani. Yule mtahini wa Nairobi alikuwa ameanza kukueleza kwamba baadaye unaweza kutengenezewa mengine bora, na wewe, bila kumsikia, ukasema kliniki yote ikisikia, "Niliyavaa kwa ajili ya mkaguzi mmoja, na huyo alikufa zamani. Mtoto, anza kazi."

Virginia alisahau mgonjwa wake na kioo kikiwa kinywani. "Wah," akasema, "huyu shosho ni mnoma." Huku kwetu hiyo ni sifa kubwa.

Nilipomaliza upande wa chini, mtahini wa Nairobi aliinama akakagua jino baada ya jino. Alimwambia mwenzake, "Miaka sabini na saba, na hakuna hata moja limetoboka. Huyu mama amekuwa akila nini?" Mwenzake, mama wa Kapsabet, akamjibu, "Maziwa na kiburi." Akagusa lile pengo kwa ncha ya kidole, polepole sana, akasema kwa sauti ya chini kwamba mama yake alikuwa nalo, na kwamba amemkumbuka. Ile damu uliyoiona kwenye pamba ilikuwa ya zamani, Kogo, ilihitaji kutoka. Fizi sasa zimepata nafasi ya kupona. Kaa bila plastiki wiki sita kwanza, halafu utaamua mwenyewe.

Nimefaulu. Ningepata alama tisini na tatu, lakini nimepata tisini na moja, na ni lazima nikueleze zile mbili.

Ulikuwa ukinitazama muda wote ule. Niliona unajaribu kusoma midomo yangu, na mimi nilikuwa na barakoa. Ulidhani ninakupa maagizo, ndiyo maana ulikuwa ukitikisa kichwa kukubali. Hayakuwa maagizo. Tangu jino la kwanza hadi la mwisho nilikuwa nikisema kitu kimoja tu, nikimwambia yeyote aliyepita karibu, na kama hakuna aliyepita nikiiambia taa: huyu ni nyanya yangu, huyu ni nyanya yangu. Madam Musimbi alinisikia. Amekata alama mbili kwa kuongea kazini, na mimi sitakata rufaa.

Mjukuu wako,
Chepkirui